Keki ya limau bila ngano, kwenye jiko la Lamu

Watu wakisikia kwamba binti yangu hali ngano, swali linalowatoka kwanza ni hili: kwani anakula nini? Naelewa linatoka wapi. Hapa Lamu asubuhi ni mahamri kwa mbaazi, mgeni akija hupikiwa chapati, futari ya Ramadhani ina kaimati na sambusa, na shughuli kubwa haiishi bila bokoboko, ambalo nalo ni ngano na nyama. Ukimtoa mtu kwenye ngano katika mji huu ni kama umemwinua barazani wenzake wakiendelea na mazungumzo.

Mimi huwajibu kwa kuwakatia kipande cha keki ya limau. Wakishakila huniuliza unga nimeagiza wapi, nami huwaambia ni mchele ule ule wa dukani.

Ugonjwa wake unaitwa siliaki. Si mzio, ingawa wengi huuita hivyo, na tofauti yenyewe inafaa ijulikane mapema kwa sababu inabadilisha namna ya kupika. Mwenye mzio wa karanga au mayai akila hata kidogo, mwili unaweza kumgeuka papo hapo: midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka, koo linaweza kuanza kuziba kwa dakika chache tu, na hapo ni kukimbia hospitali. Siliaki huenda polepole. Gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, huifanya kinga ya mwili wa mtu huyo iushambulie utumbo wake mwenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vinyweleo vidogo vya kunyonya chakula. Hivyo huchakaa na kulala, chakula kikawa kinapita bila kumfaa mlaji.

Binti yangu alikuwa hivyo. Tumbo limetuna, mikono myembamba, damu haipandi. Alipewa dawa za minyoo, akapewa tena, akanyweshwa dawa ya kuongeza damu mpaka meno yakaingia weusi. Wako waliosema ni jicho la watu, akaandikiwa kombe, aya za Kurani zinazooshwa kwa maji, akanywa. Sikumzuia mtu aliyetaka kumwombea mwanangu. Lakini aliyeuliza swali lililotufungulia njia ni daktari mmoja wa watoto huko Mombasa: huyu asubuhi anakula nini, na akishakula hukaaje? Akaagiza kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili za ugonjwa huu, halafu kamera ikapitishwa kooni hadi utumboni, vikachukuliwa vipande vidogo vya kuchunguzwa.

Jambo alilotukazania ni kwamba tusimwachishe ngano kabla vipimo havijakwisha. Ngano ikishatoka, kingamwili hushuka, utumbo huanza kupona, na majibu yanaweza kutoka kana kwamba mtoto hana kitu. Mama yeyote anayenijia na mtoto wa dalili kama zile, hilo ndilo neno langu la kwanza kwake, kabla ya habari yoyote ya mapishi. Vipimo vikishathibitisha, basi ngano inatoka moja kwa moja, maisha yote. Hakuna kidonge cha kushika nafasi ya hilo.

Daktari huyo ndiye aliyetusimulia habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, mkate uliadimika nchini kwao, na watoto wenye siliaki, badala ya kuzidiwa kama wengine, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi. Dicke alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930, na mambo ya vita yakamtia nguvu. Kabla ya hapo, Marekani walikuwa na tiba ya kuwalisha watoto hawa ndizi kwa wingi, na kweli wengi walipata nafuu, ila sifa zikaenda kwa ndizi. Kumbe kilichowafaa ni kile ambacho hawakupewa. Habari hiyo nilirudi nayo Lamu, nikawa naipitisha akilini kila nikisimama jikoni: huenda mtu ana chakula cha kumponya mbele yake na asikijue kwa jina hilo.

Maelekezo ya keki za limau zisizo na gluteni yamejaa mtandaoni, na mengi huanzia mahali pamoja, kwenye unga wa lozi. Kisha yanakuja majina ya gundi na poda za kushikiza. Lozi kwetu ni kitu cha halua na harusi, bei yake haishikiki, na vitu vyote hivyo huja kutoka bara mpaka Mokowe, vikapakiwa boti kuvuka. Lakini hata kama lozi zingemwagwa bure uwanjani Mkunguni, nisingezitumia. Mtoto wa jirani yangu, ambaye hula kwangu kama anavyokula kwao, hawezi karanga, korosho wala lozi, na mayai pia yanamdhuru. Keki itakayomwokoa wangu ikamuua wa mwenzangu haiingii kwenye jiko langu.

Mavyaa wangu ndiye aliyelinyoosha jambo. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, ananisikiliza nikisoma majina ya poda kwenye simu. Akaniuliza, "Mwanangu, mkate wa sinia una ngano?"

Hauna. Haukuwahi kuwa nayo. Mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina, ni mchele uliolowekwa na kusagwa, tui, sukari, iliki na hamira. Vitumbua ni mchele. Vibibi ni mchele. Vileja, vile vibiskuti vya kuvunjikia mdomoni, ni unga wa mchele na samli. Pwani imepika vitu vitamu bila ngano kwa vizazi, na walioandika maelekezo yale hawakuwa na habari. Tangu siku hiyo sijatafuta tena keki ya kuiga ngano. Nachukua cha kwetu, nakitia limau.

Kwa kuwa wengi huvunjika moyo hapa, nieleze kinachotokea. Unga wa ngano ukikandwa na maji, gluteni hujenga nyuzinyuzi zinazonasa hewa, ndiyo maana mkate unaumuka na kusimama. Mchele hauna nyuzi hizo. Ukiuchukua unga mkavu wa mchele ukautia mahali pa ngano kwenye keki ya kawaida, utapata kitu kinachomomonyoka na chenye mchangamchanga mdomoni. Mkate wa sinia unalikwepa hilo kwa njia mbili. Mchele unalowekwa usiku kucha, ukanywa maji mpaka kiini, kwa hiyo mchanga unaondoka. Na rojo lake ni jepesi la kumiminika, halitegemei nyuzi: povu la hamira hulijaza vitundu, moto unaugandisha wanga kabla vitundu havijafumba.

Nipikavyo ni hivi. Vikombe viwili vya mchele mweupe wa kawaida, usiwe ule uliokwisha kuchemshwa kiwandani kwa sababu hausagiki ukalainika. Nikiuchuja asubuhi nausaga kwenye blenda na kikombe kimoja na kidogo cha tui zito, sukari kikombe kimoja kasoro, iliki, na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Nasaga, napumzisha mashine, nasaga tena. Namna ya kujua ni kuchukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, ukalisugua. Ukisikia chembe, bado. Rojo liwe zito kiasi cha kuacha mkondo likimiminwa, na mkondo wenyewe upotee polepole. Nalifunika, na kwa joto la hapa saa moja huwa yatosha. Usilisahau: likishapanda na kujaa mapovu juu, lina muda mfupi kabla halijachacha na kushuka.

Hapo ndipo linapokuja limau, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Ladha ya limau inayostahimili moto haiko kwenye maji yake, iko kwenye ganda. Ukilikata ganda karibu na uso wako utaona vijitone vya mafuta vikiruka. Hayo ndiyo manukato yenyewe. Malimau yetu, yale makubwa yenye ganda nene na la matuta, yana mafuta hayo kwa wingi kuliko ndimu. Nayaosha kwa maji ya moto, nayakausha, napitisha ganda kwenye kikwaruzo upande wa matundu madogo, mkono mwepesi, nazungusha kila nionapo weupe. Weupe ni uchungu mtupu. Kisha nachukua vijiko viwili vya sukari niliyoibakiza, naisugua na ganda lile kwa ncha za vidole mpaka sukari inalowa, inakuwa ya manjano, na jiko zima linanukia. Ganda la malimau mawili latosha kwa kipimo hiki. Ndimu naitumia kwa maji yake, ni kali na ina harufu yake nzuri, lakini ganda lake jembamba hunipa uchungu haraka.

Sukari hiyo ya limau inaingia kwenye rojo lililoumuka, pamoja na ute wa yai moja uliopigwa ukatoa povu, kama hakuna mlaji wa mzio. Nachanganya mara chache tu. Bati limeshapakwa mafuta na kutiwa moto kidogo, namimina, linaingia kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 40 hivi. Siku gesi imekwisha napika kama mavyaa: makaa machache chini, mengi yamepaliwa juu ya kifuniko, na kusema kweli uso wa keki ya makaa ni mzuri zaidi, una wekundu ambao oveni yangu haijawahi kuutoa.

Maji ya limau hayaingii kwenye rojo. Yakizidi huichosha hamira. Nayakoroga na sukari kwenye kisufuria mpaka iyeyuke, siyachemshi, na keki ikitoka motoni naitoboatoboa kwa kijiti cha mshikaki nikaimwagia ikiwa bado inafuka moshi. Inanywa yote. Ndani inabaki na unyevunyevu, na ule uchachu unakuja baada ya utamu wa tui.

Kwa mtoto wa jirani naacha yai. Mahali pake natia kijiko cha chai cha maganda ya isabgol, yale ya kulainisha choo yanayouzwa kwenye maduka ya dawa. Yakilowa huwa kama utelezi wa bamia na huishikilia keki isipasuke wakati wa kukatwa. Inatoka nzito kidogo kuliko ya yai, lakini inakatika vizuri. Na juu yake naipaka malai ya limau, ambayo haina yai wala maziwa: kikombe cha tui, vijiko vitatu vya chakula vya konfla, nusu kikombe cha sukari, manjano ncha ya kisu kwa ajili ya rangi. Koroga ikiwa baridi, weka motoni, usiache kukoroga mpaka iwe nzito na itokote kidogo. Ondoa jikoni kwanza, ndipo utie maji ya malimau mawili. Mpangilio huo usiubadilishe. Ukali wa limau ukichemshwa pamoja na wanga huukatakata, na malai iliyokuwa nzito inageuka maji mbele ya macho yako.

Vileja navyo ni vyepesi: nusu kilo ya unga wa mchele, robo ya samli, robo ya sukari ya kusaga, mayai mawili, iliki, ganda la malimau mawili. Moto mdogo, vibaki vyeupe, na usiviguse mpaka vipoe. Asiyeweza maziwa asiitumie samli, maana mabaki ya protini ya maziwa hayakosi. Mafuta ya nazi yanafaa, ila yatiwe kwenye friji kwanza yagande, kwa sababu yanaanza kuyeyuka nyuzi 24, na mchana wa Lamu uko juu ya hapo.

Sasa niseme habari ya usafi wa jiko, kwa sababu keki isiyo na ngano inaweza kuharibiwa na vitu ambavyo havimo kwenye maelekezo. Kiwango kinachotumika kimataifa kwa chakula kuitwa kisicho na gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Ni kitu kidogo mno, jicho haliwezi kukiona. Chekecheo lililochekecha ngano jana lina ngano leo, hata likioshwa, kwa kuwa unga hukaa kwenye nyavu. Mwiko wa mti na kibao cha kusukumia chapati vivyo hivyo. Vumbi la unga wa ngano hubaki likielea hewani muda mrefu baada ya mtu kumaliza kukanda, kwa hiyo siku ya chapati nyumbani kwetu keki haipikwi. Zinapikwa siku mbalimbali, na meza inafutwa kwa kitambaa kilicholowa, si kikavu cha kurusha vumbi.

Unga wa mchele wa kupimiwa dukani nimeuacha. Kikombe cha kuchotea ni kimoja, kinatoka gunia la ngano kinaingia la mchele. Mashine za kusaga nazo husaga kila kinacholetwa. Ndiyo maana nanunua mchele mzima, nauchambua, nauosha, nausaga mwenyewe. Vibiskuti vinapotaka unga mkavu, nauanika mchele uliooshwa, nausaga kwenye blenda iliyokauka, nauchekecha kwa chekecheo letu jipya lisilojua ngano. Beking pauda nasoma pakiti, kwa kuwa nyingine zimetiwa wanga wa ngano. Konfla iwe imeandikwa wanga wa mahindi, basi. Hingi ya kusaga, ile ya kwenye mchuzi, nyingi imechanganywa na unga wa ngano, na hilo huwashangaza watu. Viazi vya karai na bajia huenda unga wake ni wa dengu au wa mchele, lakini uliza karai lile limekaanga nini kabla yake. Kama ni kaimati, mwache mtoto na hamu yake.

Kilichonichukua muda zaidi ya yote hayo ni sinia. Sisi hula pamoja, na mkono uliomega hamri ndio unaoingia kwenye sahani ya pamoja. Kumtenga mtoto na sahani yake pembeni kuliniuma, naye kulimuuma zaidi. Tulichofanya ni kugeuza: siku ambazo yuko mezani, na yuko karibu kila siku, sinia zima ni lake. Wali, samaki wa kupaka, vibibi asubuhi, mkate wa sinia wa limau jioni. Mwenye hamu ya chapati huila wakati mwingine. Wageni wengi hawatambui kwamba kuna kilichokosekana.

Sahani za majirani ndizo mtihani. Mwezi wa Ramadhani mlango haukai dakika kumi bila kugongwa, na kurudisha sahani ya mtu hapa ni kumvunjia heshima. Sirudishi. Napokea, nashukuru, nakiweka cha wakubwa kwa wakubwa. Na sahani ya kurudisha, ambayo kwa ada yetu hairudi tupu, huirudisha na keki ya limau, nikimweleza mama aliyeleta, uso kwa uso, kwamba hii mwanangu anaiweza, na imepikwa hivi. Bi mmoja wa mtaa wa Langoni, mtu mzima sana, alisikiliza mpaka mwisho, akaenda zake. Baadaye akaniletea vitumbua vilivyopikwa kwenye kikaango kipya, akaniambia, "Hiki nimekiweka cha mwanao. Hakitapikiwa kingine." Sikuwa nimemwomba. Siku za Maulidi, mji unapojaa wageni wa Msikiti wa Riyadha na kila nyumba inapika, ni huko kwake ninapoweza kumwacha binti yangu ale bila mimi kuwapo.

Jambo la kuhifadhi. Keki ya mchele isiwekwe kwenye friji ikiwa nzima. Wanga wa mchele ukipoa sana hukakamaa na utadhani imelala siku nyingi. Ikibaki, naikata vipande, nafunga kimoja kimoja, naviweka kwenye friza, na kikihitajika nakifukiza kwa mvuke dakika chache, kinarudi laini. Malai hukaa kwenye friji siku mbili tatu. Vileja hukaa hata wiki kwenye kopo linalofunga vizuri, navyo ndivyo anavyobeba madrasa na shule. Kopo hilo nimelifunga utepe mwekundu, na walimu wake wanajua kwamba ndani yake wenzake wanaruhusiwa kuchukua, ila mkono uoshwe kwanza.